Alama Nyekundu Chini ya Picha

Nina kitendawili. Ana macho, hapepesi, ana kinywa, hasemi, unamuuza, halii. Usijibu haraka. Chomba naye alidhani jibu lake ni jepesi.

Chomba alikuwa kijana wa Kamalondo, mtaa wa watu weusi, mwanafunzi wa shule ya kuchora kule mjini Élisabethville, enzi zile watu weusi walikuwa na saa yao ya kutoka mjini jioni. Mama yake mzazi alikufa angali ananyonya. Akalelewa na mama yake mkubwa, Mama Bwalya, muuza munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Mwaka mzima shuleni alichora chui na ngoma, na chui hajawahi kumwona hata mkia. Mwalimu wake, Bwana Gérard, aliziangalia picha hizo, akazigeuza zitazame ukuta.

Siku moja walipelekwa kwenye maonyesho katika jumba la mjini. Chomba alizipita picha kubwa zote, akaja kusimama mbele ya ndogo moja: baiskeli imeegemea ukuta, mvua imetoka kunyesha, tandiko limefunikwa kwa gazeti. Basi. Lakini alihisi anamjua mwenye baiskeli, na nyumba aliyoingia, na kwa nini anakawia. Akarudi Kamalondo kwa miguu, akitazama foleni ya ndoo kwenye bomba na miguu ya mafundi ikikanyaga mashine za kushona, kama mtu aliyeazimwa macho.

Kesho yake asubuhi Mama Bwalya alikuwa anakoroga uji wa munkoyo, uso ndani ya mvuke, jua likimpata shavu moja.

"Mama, ikala vile vile, usigeuze uso."

"Mukono itachoka, mutoto yangu."

"Itachoka leo. Kwa karatasi haitachoka hata siku moja."

Mama Bwalya akacheka, asiache kukoroga, naye Chomba akaendelea kuchora. Edouard, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Chomba, unaandika bantu, kisha unabapeleka wapi? Mama Bwalya, angalia muzuri. Batumbula beko na macho yao hapa kati yetu."

Batumbula, ndugu zangu, ni wale waliosemwa kwamba wanawakamatia Wazungu watu, wanawafungia, wanawalisha mpaka wanenepe, kisha watu hao wanapelekwa Bulaya, kwao Wazungu, na huko hakuna aliyerudi kueleza. Mwaka ule watu wawili walikuwa wamepotea kwenye njia ya reli. Jua likianza kulala, milango ya Kamalondo ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Miye niko mifupa tu," Mama Bwalya akamjibu. "Weye njo mwenye tumbo, weye njo uogope."

Picha ile ilipita zote za shule, ikatundikwa kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Wazungu waliitazama wiki nzima. Weusi wakapewa mchana wa siku ya Mungu, Jumapili. Mama Bwalya alivaa kitenge chake cha Pasaka, Edouard akafuatana nao. Mama alipojiona ukutani aliinua mkono, akagusa shavu lake mwenyewe. Akatabasamu.

Edouard akainama. "Na hii?"

Kwenye pembe ya picha, chini, palibandikwa kikaratasi cha duara, chekundu, kama tone.

Adalbert, mlinzi wa jumba, alijibu bila kugeuka. "Ile imekwisha kuuzwa. Bwana mumoja anarudia Bulaya, ataenda nayo. Siku ya tano banakuya kuitwaa."

Njia nzima ya kurudi Mama Bwalya alitangulia, kitenge amejifunika mpaka machoni.

Kesho yake munkoyo ilichacha mtungini, hakuja mnunuzi. Wanawake waliita watoto wao wasipite pale. Chomba akaeleza, akarudia kueleza: ile alama inasema tu kwamba picha imepata mwenyewe.

"Uso ni ya nani?" Mama Bwalya akauliza.

"Ni yako, Mama."

"Basi."

Akaisukuma sahani ya bukari, ugali wa kwetu. "Mbuzi ya kuuzwa njo banalisha."

Siku ya pili alikunywa maji tu. Siku ya tatu alishindwa kuinua chungu, akakaa ukutani akihesabu vidole: ya tatu, ya ine, ya tano. Chomba akaona wazi kwamba hata kama batumbula hawapo, siku ya tano itamkuta mama yake amekufa kwa njaa ya kujitakia.

Akaenda kwa Bwana Gérard kuomba picha irudi.

"Imeuzwa," mwalimu akasema. "Weye iko na wazimu? Hii iko heshima kubwa."

Kuiba asingeweza, polisi wangefika kwa Mama Bwalya kabla ya jua kuzama. Akaomba kitu kimoja tu, atengeneze rangi kidogo kabla picha haijachukuliwa. Siku ya ine picha ikaletwa shuleni, na saa ya chakula akapewa ufunguo wa chumba cha kuchorea.

Aliukwangua uso ule kwa kisu, polepole, kama anayeparua samaki ambaye bado yu hai. Pakabaki peupe. Picha isiyo na uso ingerudishwa, na maswali yangeanza. Ukutani palikuwa na kioo kilichopasuka, cha wanafunzi kujifunzia kuchora uso. Chomba akatazama humo, akachora alichokiona. Mikono aliiacha ya Mama Bwalya. Mikono haina jina.

"Mama, nimekutosha, nimekutoa kwa picha," alisema jioni.

Mama Bwalya alimtazama sana. Kisha akamega tonge, la pili, la tatu, akaimaliza sahani. Akainua kichwa.

"Na pale nilikuwa naikala, nani anaikala sasa?"

"Hakuna muntu."

"Mutego ikikamata, Chomba, haifunguke bure."

Siku ya posho, Jumamosi, gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba. Dereva wa kofia akashuka na kitunga kikubwa: mikate myeupe, siagi ya kopo, samaki wa kopo, sukari, maziwa.

"Chomba njo weye. Minakuyua kwa picha." Akakiweka kitunga mkekani. "Bwana anafurahi sana. Anasema uso imebadilika, lakini hii njo muzuri zaidi. Anasema tu uko mukonde. Ule. Posho ingine nitakuya kukutwaa, anataka kukuona mbele hajaenda Bulaya."

"Rudia na kitunga yako, baba," Mama Bwalya akamwambia.

"Balinikatalia kurudia nayo, Mama."

Gari likaondoka. Kwa Edouard mashine ilikuwa imenyamaza zamani. Chomba alikaa mbele ya mikate ile, haigusi, hageuki. Nyuma yake Mama Bwalya alijishusha ukutani, akafungua kiganja, akaanza tena kuhesabu vidole: ya kwanza, ya pili.