Kuku wa Firauni

Mwaka ule wa 1998 nilimhangaikia kuku maiti kuliko nilivyowahi kumhangaikia kuku hai. Nilimtoa matumbo nikayatia chupani, nikamwosha, nikamfukia katika chumvi na magadi, maana wafalme wa Misri ya kale walikaushwa kwa magadi. Kila chumvi ilipolowa nilibadilisha. Nyumba yetu ya Mabela, huku tulikohamia kutoka Unguja, ilinuka, mama yangu, Bi Mwanamize, akanuna. Mvumilivu hula mbivu, nikajiambia. Wanafunzi wangu walikuwa wanalilalia usingizi somo la historia, na mwalimu mkuu alishasema darasa lile huenda akapewa mtu mwingine. Nilitaka wamfungue kuku huyo kwa mikono yao, waamke.

Nilipomaliza kumkausha nilimviringisha vipande vya bafta nyeupe niliyoinunua sokoni Matrah, nikamweka juu ya kabati. Asubuhi ya somo, hayupo.

"Mama, kuku wangu yuko wapi?"

"Nshamzika," akajibu, akiendelea kuchambua mchele.

Kumzika! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Wiki zote zile, kazi bure! Nilichukua sepetu nikatoka uani, nikauona udongo mbichi chini ya mdimu. Mama akanifuata, akasimama juu ya udongo ule, miguu mitupu.

"Ondoka, mama. Ni kuku tu!"

"Nnajua kuku. Lakini kitu kilovishwa bafta hakilali juu ya ardhi nyumba nlimo mimi."

"Mafirauni wamekaa hivyo maelfu ya miaka!"

"Mafirauni walikuwa na watu wa kuwashughulikia. Baba yako siku zile za mapinduzi alilala barabarani, tukimchungulia dirishani, hatuthubutu kutoka. Bafta ya sanda yake nlikuwa nshaikata. Lori likaja likamchukua, hatukujua linampeleka wapi."

Sepetu ikanilemea mkononi. Tangu utoto wangu aliniambia baba alizikwa Unguja na ndugu zake, pembeni mwa kaburi la babu. Nilikuwa nimeshaomba likizo ili nikalizuru. Hasira za kuku zilinitoka, zikaniingia nyengine kubwa zaidi, na sikujua nimkasirikie nani.

"Mbona ukanidanganya miaka yote hii?"

Mama hakuondoka pale juu ya udongo.

"Ulikuwa mdogo, kila siku ukinililia kaburi la baba yako," akasema. "Nkakupa kaburi."