Hela ya Sabuni

Kwenye kile kiwanda cha kufulia, wanaume walikuwa na mshahara, wanawake walikuwa na "ya sabuni". Kazi ile ile, jasho lile lile: mashuka ya mahoteli uyatie mashineni, uyakamue, uyapitishe kwenye roli la moto la kupigia pasi, uyakunje. Lakini mwisho wa mwezi msimamizi alichungulia mlangoni akaita kwa utani, "Akina mama, njooni mchukue ya sabuni!" Nao wakacheka, wakaenda. Neno ukishalizoea husikii tena kwamba ni tusi.

Kigoda naye alicheka miaka yote hiyo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kigoda cha mbao alichokikokota kila alikokwenda, maana mguu wake wa kushoto ulipooza utotoni na haukumruhusu kusimama kutwa. Wenye viwanda wengine walimtazama mguu kabla ya uso, wakasema watampigia simu. Mpaka leo hawajapiga! Na nyumbani ana binti anayesoma, ambaye baba yake alishajiendea zamani. Kazi hii ikiponyoka, basi tena.

Jumapili jioni alikuwa anaosha vyombo simu ilipolia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa msimamizi, kwenye kundi la wafanyakazi. Akajifuta mikono, akabonyeza.

"Mhasibu, sikia. Yule kijana mpya wa roli mpe mshahara kamili. Akina mama waache na ya sabuni yao, wakinung'unika watanyamaza wenyewe. Na yule kiwete wa kigoda mkate hela kidogo, tufidie ya kijana. Ataenda wapi? Nani mwingine atamchukua?"

Kigoda akaketi pale pale sakafuni. Huyo kijana mpya, jamani, yeye ndiye aliyemfundisha roli, akimkemea kila mara asije akaunguza vidole. Akausikiliza ujumbe tena. Kisha akamtumia dada yake ujumbe ule ule, na maneno: "Dada, hebu sikia, au ni masikio yangu?" Hata jibu halijaja, ule wa kundini ukatoweka, pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Msimamizi alikuwa amegundua kosa lake.

Dada akajibu: "Masikio yako mazima. Usiufute huo."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Simu za siku hizi ni mbea kuliko jirani. Aliyetuma anaweza kuona ni nani aliyesikiliza. Na Kigoda alimkumbuka Mama Pacha, aliyewahi kuuliza kwa upole tu kwa nini yake ilikuwa pungufu. Msimamizi alimjibu kwa tabasamu, "Naona umechoka, kapumzike kidogo." Mama wa watu anapumzika mpaka leo. Kigoda hakupata usingizi wa maana.

Asubuhi msimamizi aliingia, akaamuru mashine zizimwe. Mlio ulipokatika, Kigoda alihisi kila mtu anausikia moyo wake.

"Jana nilikosea nikatuma ujumbe kundini," msimamizi alisema akitabasamu. "Mambo ya nyumbani tu, ulikuwa wa mke wangu. Nani aliusikia?"



"Mimi bosi jana nilikuwa na mchumba," akasema Bi Harusi, mama mtu mzima aliyepewa jina hilo kwa vile kila siku anadai anaposwa. "Simu ningeishika saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi alikuwa anatembea taratibu kati ya matenga ya mashuka, akaja kusimama mbele yake.

"Kigoda, mama yangu." Hakuwahi kumwita mama yangu, na hilo lilimtisha kuliko kama angemtukana. "Simu inaniambia wewe uliusikiliza. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, bosi. Nilibonyeza, lakini spika imekufa. Inakoroma tu."

Msimamizi akashusha pumzi. Kigoda naye akashusha. Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini njia ya mwongo ni fupi.

"Pole sana. Hebu lete nikutazamie, mimi simu nazijua."

Moyo ulimwambia kataa, mkono ukatoa. Ndivyo hofu inavyofanya. Inatii kabla hujaamua. Msimamizi akaongeza sauti mpaka mwisho, akafungua mazungumzo ya juu kabisa, yale ya dada, akabonyeza sauti ya kwanza aliyoiona.

Ikalia safi kabisa. *Mhasibu, sikia.* Kwa mshtuko alibonyeza hapa, akabonyeza pale, asiweze kuizima, na sauti yake mwenyewe ikaenda mpaka kwenye kuta za mwisho: ya sabuni yao, yule kiwete, ataenda wapi. Kijana mpya aliinama akatazama vidole vyake. Tabasamu la Bi Harusi lilikuwa limekwisha kabisa.

"Washeni mashine," akasema msimamizi.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema washeni! Asiyetaka, akapumzike."

Neno hilo lilimkumbusha Kigoda yaliyompata Mama Pacha. Alimwona binti yake amerudishwa nyumbani, akaziona zile simu zisizopigwa. Swichi kuu ya mashine ilikuwa ukutani, karibu yake kuliko mtu yeyote. Akainuka, akaburuta mguu, akanyoosha mkono. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga, na mkono bado ulikuwa unakwenda.

Kiganja chenye maji kikatua juu ya mkono wake. Kilikuwa cha Bi Harusi.

"Mwenzangu, unafanya nini?"

"Naogopa," Kigoda alisema, na wote wakamsikia.

"Hata mimi naogopa. Tena sana." Hakuondoa kiganja. "Lakini usiwashe."

Nyuma yao mtu mwingine alisogeza tenga lake pembeni akaja kusimama nao. Kigoda hakugeuka kutazama ni nani. Mkono aliuacha pale pale kwenye swichi, na hakuiwasha.