Majani Mwishoni mwa Benchi

Alhamisi asubuhi Vukosava Petronić alinunua bureki, mkate wa matabaka wenye jibini, na chupa ya mtindi kwenye duka la mikate lililo mkabala na ukumbi wa michezo wa mji wa Grabovac, Serbia, akapanda hadi safu ya juu ya viti, akatandaza gazeti mapajani ili mafuta yasichafue sketi, akaanza kutazama mazoezi. Ukumbi ulikuwa na baridi kiasi kwamba pumzi za wachezaji zilionekana. Vukosava alikuwa na goti moja bovu, lililobaki kutoka miaka aliyochezea timu ya taifa, na kazi ya kuitafutia timu moja ya Marekani vijana wa Ulaya wenye kipaji cha mpira wa kikapu. Siku hiyo alikuwa amekuja kumtazama Ognjen Trifunac.

Ognjen alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mrefu, mabega membamba, masikio makubwa kama ya babu. Alikuwa mchezeshaji, yule anayeamua mpira uende wapi. Mara moja aliurusha kwenye kona ambayo haikuwa na mtu, na kabla haujafika, mtu akawa amefika. Vukosava aliacha kutafuna.

Jumamosi alirudi kwenye mechi. Ognjen alikaa mwisho wa benchi tangu mwanzo hadi wachezaji waliposhikana mikono. Kocha Stojadin alikuwa akipigana timu isishuke daraja, na kocha anayepigania daraja hamwamini mtu ambaye bado hajaanza kunyoa ndevu. Mchezeshaji wake alikuwa Lamont Pettiford, Mmarekani wa miaka thelathini na moja, aliyewahi kuwa nyota wa chuo kikuu kwao, picha yake ikabandikwa hadi kwenye mabasi, kisha asiteuliwe na timu yoyote ya kulipwa.

"Kijana akikosea hawamfukuzi yeye, wananifukuza mimi," Stojadin alimwambia Vukosava baada ya mechi. "Nina rehani ya nyumba, bibi wee. Mwache akae, ajifunze kwa macho."

Hakuwa mtu mbaya. Wachezaji wake wote aliwaalika harusi ya bintiye.

Mizizi ilikuwa imeanza kumtoka Ognjen Novemba. Mtaalamu wa viungo aliiona kwanza, myeupe na myembamba, ikitoka kwenye soli za viatu vya Ognjen, akadhani ni nyuzi za soksi, akazikata kwa mkasi. Mechi iliyofuata ikarudi, minene zaidi, ikapenya kati ya mbao za sakafu. Mazoezini kijana alikuwa huru. Ilimshika siku za mechi tu, pale alipokaa, na filimbi ya mwisho ikilia ilimwachia. Ila kila wiki ilichelewa kidogo. Mtunza ukumbi alilalamika kwamba sakafu ile ilibadilishwa juzijuzi. Hakuna mwingine aliyelalamika. Kufikia Februari majani yalikuwa yamemtoka nyuma ya shingo, na kila mtu mjini aliyatambua: ni ya mti ule ule ulio mbele ya posta, ambao maua yake hukaushwa kwa chai ya kikohozi.

Mama yake, Ljubinka, alikuwa muuguzi. Usiku ambao mizizi ilichelewa sana alimletea pilipili hoho zilizojazwa nyama na blanketi. Lamont naye alijitwisha kazi ya kumwagilia. Kila wakati wa mapumziko, wenzake wakiingia kunywa, alijaza chupa mbili: moja yake, nyingine ya miguu ya Ognjen.

"Usinimwagie maji ya barafu," Ognjen alimwambia siku moja.

"Mtu mzima hulalamika kuhusu barafu?"

"Mtu mzima angekuwa anacheza."

Lamont alicheka, akampigapiga magome yaliyoanza kuota begani.

Siku hiyohiyo Vukosava alimkuta Lamont mlangoni akivaa koti, akamuuliza maoni yake kuhusu kijana.

"Dada, mimi chuoni nilifunga nilivyotaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, wanaonikaba wametoka jana kwa mama zao. Nikafikiri ni uwezo wangu. Nilipofika huku, mzee mmoja wa Kigiriki mwenye kitambi alininyang'anya mpira mara tatu bila kutoka jasho. Huyu Ognjen hajawahi kucheza na watoto wenzake tangu akiwa na miaka kumi na sita. Hamna namba ya kuonyesha hilo."

Machi, bosi wa Vukosava, Dale Hutchens, alimwita Marekani akamtazame Cortland Mabry, mchezaji wa chuo kikuu kimoja cha Indiana, kwa kuwa timu ilikuwa na nafasi moja na majina mawili. Ukumbi ulijaa watu wengi kuliko wakazi wote wa Grabovac. Matarumbeta yalipigwa. Cortland alifunga kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, na mara moja akiwa ameanguka. Mwanga ulimfuata. Haukutoka kwenye taa; ulikuwa juu yake tu, mweupe, tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, na ulimfuata darasani, bwenini na chooni. Alikuwa kijana mwenye adabu, macho mekundu.

"Shikamoo mama," alisema. "Eti huko kwenu watu wanalala gizani?"

"Tunalala gizani, mwanangu."

"Mimi najifunika taulo usoni, lakini unapita."

Vukosava alimwonea huruma, na aliona pia kwamba kila mara Cortland alipopata mpira, wachezaji waliomkaba walikuwa wamekwisha kufumba macho kwa ule mwanga.

Alirudi nyumbani Aprili, siku mbili kabla ya mechi iliyoamua kama Grabovac itabaki daraja lake. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mwanzoni mwa robo ya mwisho timu ilikuwa nyuma, na Lamont alikuwa na faulo nne; moja zaidi, anatoka. Vukosava alimwona akitazama mwisho wa benchi. Kisha akamfuata mpinzani aliyekuwa hana hata mpira, akamkumbatia kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemkaribisha ndugu yake kituoni, akamgeukia mwamuzi, akasubiri.

Filimbi ililia.

"Wewe kichaa!" Stojadin alipiga kelele. "Kichaa, mjinga, mwana wa mjinga! Umefanya nini?"

"Nimechoka, kocha."

"Umechoka? Utachokea kaburini!"

Hakukuwa na mchezeshaji mwingine. Lamont alimshika Ognjen makwapani, mtunza ukumbi akashika kiuno, na Ljubinka akashuka kutoka jukwaani na viatu vyake vya kazini, akashika mkono. Wakavuta. Mbao mbili za sakafu zilitoka naye. Mwamuzi alitazama mizizi iliyoning'inia kwenye viatu, akamwuliza mwenzake, wakakubaliana kwamba kanuni zinakataza pete, saa na mikufu, na hazisemi kitu juu ya mizizi. Msichana wa dekio akafuta udongo. Mchezo ukaendelea.

Kwa muda ule mfupi uliobaki Ognjen hakukimbia sana. Alikuwa amekaa kitako miezi sita akiwatazama wanaume wale, akajua nani hugeukia kushoto akichoka, nani hudanganya kwa macho, nani huogopa kiwiko cha nani. Aliupeleka mpira mahali ambapo watu wangetaka kuwa kabla wenyewe hawajataka. Wazee wa timu, waliokuwa hawajafunga tangu Krismasi, walijikuta wako peke yao chini ya kikapu, mpira mkononi, wakifunga kwa aibu kidogo. Alipiga mwenyewe mara moja tu, ukaingia. Majani yalidondoka njia nzima. Grabovac ilishinda, ikabaki daraja lake.

Mizizi ilikuwa imerudi sakafuni kabla watu hawajamaliza kuimba. Ljubinka alimkuta Vukosava kwenye ngazi, akamshika kiwiko.

"Dada, wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi kumbe anaonekana," Ljubinka alisema, akaenda kutafuta blanketi.

Gazeti la siku ya pili lilimsifu Stojadin kwa uzoefu wake. Lamont hakuongezewa mkataba, kwa utovu wa nidhamu. Mechi mbili zilizobaki hazikuwa na maana yoyote, na Ognjen alikaa zote mbili, kwa sababu Stojadin alitaka kumaliza msimu bila kuhatarisha kitu. Baada ya ile ya mwisho mizizi haikumwachia tena.

Vukosava alimpigia simu Dale. Alimwambia yote aliyoyaona, tangu mpira wa kona hadi mechi ya Aprili, na akasema kwamba katika maisha yake amewaona wachezeshaji watatu tu wa namna ile.

"Vuka, nakuheshimu," Dale alisema. "Lakini dakika zake za msimu mzima hazitoshi kuchemsha yai. Mabry amecheza miaka minne. Najua hata anavyofunga kamba za viatu."

"Unajua kwa sababu anamulikwa."

"Sawa, anamulikwa. Ndiyo maana naona. Mwenye timu ataniuliza namba, nimwambie nini? Kwamba kuna bibi Serbia ameona?"

"Mwambie hivyo."

Dale alicheka, bila ubaya. "Halafu ile mizizi. Daktari wetu anauliza kama inaambukiza. Na urefu mliotuandikia, mlipima na majani au bila majani?"

"Bila majani."

"Na klabu yake inataka fidia kubwa kumwachia."

"Inataka fidia ya mtu ambaye haimchezeshi."

"Umeona?" Dale alisema. "Hata wao hawamwamini."

Mwishoni mwa Juni timu ya Dale ilimteua Cortland Mabry. Asubuhi iliyofuata Vukosava aliendesha gari hadi Grabovac, kwa sababu habari kama hiyo hakupenda kuipeleka kwa simu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Ognjen alikuwa amefika kimo cha safu ya tatu ya viti, na maua yalikuwa yamefunguka. Ukumbi wote ulinukia asali. Ljubinka alisimama juu ya kiti akichuma maua na kuyatia kwenye mfuko wa nguo. Alimtazama Vukosava usoni mara moja, akaendelea kuchuma.

"Wamemchukua yule wa chuo," Vukosava alisema.

Nyuki mmoja alimzunguka Ognjen sikioni, akamwacha.

"Shangazi, ni mzuri?"

"Ni mzuri. Halali vizuri, lakini ni mzuri."

"Kuliko mimi?"

Vukosava alivuta kiti akakaa, goti likalia. "Hapana," alisema.

Kijana aliinamisha kichwa, na majani yakamfunika uso. Mabega yake yalitikisika kwa muda. Mama yake alishuka, akamwekea kiganja mgongoni, mahali palipokuwa bado pana ngozi.

Stojadin aliingia akiwa na kaptula na kofia ya jua. Alikuwa amesikia. Alisema Wamarekani hawajui mpira, ni biashara tu, na kwamba klabu imemwongezea Ognjen mkataba wa miaka mitatu; alikuwa ameshasaini, kalamu aliletewa pale pale.

"Msimu ujao anacheza," alisema. "Nakuapia mbele ya mama yake."

"Uliapa mwaka jana," Ljubinka alisema.

"Na mwaka jana nilimaanisha."

Lori lilipiga honi nje. Klabu ilikuwa imepandisha vijana watatu kutoka timu ya watoto, wenye vipaji, wa miaka kumi na saba, na benchi la zamani lilikuwa limejaa. Mtunza ukumbi alikuwa na mgongo mbovu, dereva hakuruhusiwa kuacha gari, kwa hiyo Vukosava alitoka, akashika upande mmoja wa benchi jipya lililoletwa na lori, Stojadin akashika wa pili. Lilikuwa la mbao nzito, halijapakwa rangi, bado lina harufu ya msitu.

"Tuliweke wapi?" aliuliza.

"Hapo pembeni yake," Stojadin alisema. "Karibu na dirisha, wapate jua."

Walilishusha polepole. Vukosava akalikalia, aone kama linayumba. Halikuyumba.