Nusu Kidonge cha Watachoka

Bibi Leonia wa kijiji cha Mwazye alimpa mbwa wake jina la Watachoka ili majirani wapate ujumbe, na aliyelengwa hasa ni Mayunga, Msukuma mfugaji mwenye ng'ombe wasiojua mpaka wa shamba la mtu. Watachoka aliwajua ng'ombe hao kwa miguu yao, maana yote alishaing'ata. Siku moja Mayunga akafoka mbele za watu, "Huyu mbwa nitamkomesha!"

Jamani, mdomo huponza kichwa! Mwezi haujaisha, mbwa akaanza kutokwa damu puani. Fizi zikawa nyeupe kama unga wa muhogo, na kila alipoumwa na kupe damu ilikataa kukata. Leonia hakutaka ushauri wa mtu. Mayunga kamtilia sumu! Alisema kisimani, akasema kanisani, akasema mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, mtu asiyependa kelele, akawapandisha wote wawili lori la mahindi wampeleke mbwa Sumbawanga. Ikithibitika ni sumu, Mayunga atahama kijiji na ng'ombe wake.

Njia nzima mbwa alilala katikati yao juu ya magunia, na kwenye makorongo Mayunga ndiye aliyemshika kichwa kisigonge. Leonia aliona, akajifanya hakuona.

Bwana mifugo Polikarp alipaka tone la damu kwenye kioo, akainamia hadubini. Aliinama mpaka Leonia akachoka kusimama.

"Ni sumu, mwanangu?"

"Kwenye damu, mama, kuna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Huyu askari wake wamebaki wa kuhesabu, na chembe za kugandisha damu nazo karibu zimeisha. Hao waliobaki wameumuka, wengine bado wachanga. Kuna kitu kinaharibu huko zinakotengenezwa, ndani ya mifupa. Anakula nini?"

"Ninachokula mimi."

"Na dawa?"

Leonia akafungua pindo la kanga kwa fahari. Vidonge vya magoti! Tangu biashara iwe ruksa, kila mwenye meza mnadani alikuwa daktari, naye alivipata huko bila kuulizwa swali. Kulima matuta kulikuwa kumemmaliza magoti, na mbwa naye alichechemea kwa uzee. Sasa angemezaje peke yake, huku mwenzake anamtazama? Kila asubuhi nusu yake, nusu ya Watachoka ndani ya tonge la ugali. Na wakapata nafuu wote wawili, wakawa wanakwenda shambani kama vijana.

Polikarp alikigeuza kidonge kimoja kiganjani. "Sumu yenyewe ndiyo hii, mama. Maumivu inatuliza kweli, lakini wapo ambao inawaharibu damu. Mbwa, na watu pia. Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Vidonda alivyokuwa akivisingizia pilipili vilikuwa vimejaa hadi kooni.

"Homa je?"

"Ya usiku tu, baba."

"Leo hulali Mwazye. Nenda hospitali sasa hivi, nawe wakupime damu."

"Na mbwa wangu?" Akaikaza kamba ya mbwa mkononi. "Atakufa?"

"Akiacha dawa, damu yake huenda ikarudi. Ila apate mtu wa kumwangalia kila siku."

Mtu mwingine mle chumbani alikuwa mmoja tu. Leonia alimeza aibu yake, nayo ikapita kwa shida kwenye koo lile. Akamnyooshea Mayunga kamba.

"Nilikutukana, baba."

"Nilisikia, mama. Hata ng'ombe walisikia."

"Nikirudi nitasema mbele ya watu wote kwamba mimi..."

"Wewe rudi kwanza," Mayunga akamkatiza. Akainama, akamnyanyua mbwa begani kama ndama. "Maziwa ninayo."

Leonia alisimama mlangoni akiwatazama wakienda kwenye lori. Watachoka, ambaye hakuwahi hata siku moja kumwacha Mayunga apite bila kumbwekea, alikuwa amelaza kichwa shingoni mwake. Hapo ndipo Leonia alipolia.