Kaa Chini, Pazi

Kwetu Lubago hafi. Mwili unazikwa, watani wanadai kuku wao na kututukana hadi tucheke, kisha jina anavalishwa mtoto wa dada wa marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye Lubago. Si Lubago wa pili, wala Lubago mdogo. Ni yule yule aliyepanda mlima huu na watu wake wakiwakimbia wakamata watumwa, akawagawia mashamba, akachimba mfereji. Akisimulia mambo hayo husema "mimi". Mimi nilichimba, mimi nilifungua ghala mwaka wa njaa. Wageni wakisikia hudhani sisi ni waongo, na mimi huwaacha wadhani.

Mjomba wangu alikuwa Lubago tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu wa kukohoa na wa kukasirika, na ukimkatiza maneno ulikuwa umejitafutia balaa. Lakini alipokuja Mjerumani na kodi yake ya nyumba, ni yeye aliyeshuka Morogoro kuomba wajane wasidaiwe. Wakamfungia bomani kwa ubishi. Alipotoka alikaa nyumbani mpaka miguu ikapona, akashuka tena kuomba jambo lile lile, na safari hiyo wakamsikiliza, nadhani kwa kuchoka naye. Hakuna nyumba huku mlimani, juu ya Bigwa, ambayo haikuwahi kusaidiwa na ukaidi wake.

Reli ilikuwa imekwisha fika Morogoro, nasi wa milimani tumeanza kuuzoea mlio wa gari la moshi, alipopanda kwetu Mzungu asiyetaka kodi wala wapagazi. Huyu alitaka maneno. Alifuatana na Andrea, mtu wa kijiji chetu aliyesomea misheni, ambaye alikuwa mkalimani wake na mshika sanduku lake. Andrea alikuwa na viatu, na alihakikisha hakuna anayebaki bila kuviona.

Sanduku lile lilikuwa na pembe ya bati, na ubavuni bomba la nta lililozunguka. Ukisema mbele ya pembe, sindano inayachora maneno yako kwenye nta. Bomba likizungushwa tena, unasikia sauti yako ikikurudia, nyembamba na ya mbali, lakini ni yako. Wanawake wengine walikimbia. Mjomba hakukimbia. Alisema ni vizuri Wazungu wakasikia kwa kinywa chake nani aligawa ardhi hii, akavuta kigoda chake karibu, akaanza.

Kaka yangu Pazi alikuwepo, na Pazi hakujua kutulia. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye mrithi, kila mtu alijua, lakini hata kwenye baraza alikuwa akiinuka, akichungulia, akichekesha watu. Mimi nilimpenda kwa hilo. Siku ile, mjomba akiwa katikati ya maneno, Pazi alisimama akaenda kuchungulia ndani ya pembe. Mjomba alinyamaza, akakohoa, akasema bila kugeuka, "Kaa chini, Pazi. Bado sijamaliza." Pazi akakaa, sisi tukacheka, na yule Mzungu akalisimamisha sanduku kwa hasira. Bomba limeharibika, alisema. Akaweka jingine, mjomba akasimulia upya tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo zuri likafungwa kwenye pamba likaenda zake Ulaya.

Masika hayajaisha mjomba akafa kwa kile kikohozi chake.

Siku ya kumvalisha Pazi jina, mama yetu Mwajuma ndiye aliyekuwa na kazi kubwa, kwa kuwa ndiye dada wa marehemu. Dada humvisha mrithi kikuku cha shaba, kisha humwamkia kama anavyomwamkia kaka yake: "Shikamoo, kaka." Hapo ndipo jina linashika. Baada ya hapo yeye hana mtoto aitwaye Pazi, na kaka yake hakufa. Mama alimvisha kikuku vizuri tu. Lakini kinywa kilipofunguka kilisema, "Mungu akulinde, mwanangu." Wazee walitazamana, wakaona ni machungu ya msiba, wakaliacha lipite. Mimi niliona uso wa mama, na nikajua si kupitiwa. Hakutaka kuzika wawili kwa mpigo.

Huenda mambo yangejinyoosha yenyewe, lau si wema wa Andrea. Yule Mzungu wake alishikwa na homa akapelekwa pwani, akamwachia sanduku moja kuukuu na lile bomba lililoharibika. Andrea akaona atupoze. Akaja nalo uani siku ya soko, watu wakiwa wengi, ukungu umeshuka hadi kwenye paa, akalizungusha.

"Mimi Lubago," sauti ya mjomba ikasema. "Mlima huu niliupanda na jogoo mmoja na mbegu za mtama."

Mama aliachia ungo ukaanguka. Sikumbuki nilifanya nini mimi, ila nilitaka aendelee, nilitaka asinyamaze kabisa. Akasimulia mfereji, akasimulia njaa. Kisha akakohoa, nasi sote tukakumbuka kwa pamoja kinachofuata, na hakuna aliyewahi kumzuia Andrea mkono.

"Kaa chini, Pazi. Bado sijamaliza."

Baada ya hapo ni mkwaruzo wa sindano tu. Lubago mpya alikuwa amesimama karibu na mlango, kikuku mkononi. Akakaa chini kwenye tope mbele za watu wote. Hakuna aliyecheka safari hii.

Rehani alikuwa mtani wetu, na mtani husema yale ambayo ndugu huyameza. Alimtazama kaka yangu pale chini, akatazama lile sanduku, akasema, "Sasa tumemvalisha nani? Mwenye jina anasema bado hajamaliza." Alisema kwa mzaha, maana ndiyo kazi yake. Mzaha ule ulishuka mlimani kabla ya watu wa sokoni.

Tangu siku hiyo kaka yangu aliharibika. Watu waligombana juu ya zamu za maji, wakaja kwake kama walivyokuja kwa mjomba. Alikaa kigodani, akafungua kinywa, akanyamaza, akatazama nyuma yake. Wale watu walirudi na ugomvi wao mzima. Alikonda. Yule mchekeshaji akawa wa kukaa kizani ndani, akishtuka kila mtu akikohoa. Nilimfuata nikamuuliza kwa ukali, maana ndiyo njia yangu, anamwogopea nini mtu aliyekufa aliyempenda.

"Nikitaka kusema namsikia," alinijibu. "Hanikasirikii, Chausiku. Ananiambia tu ningoje."

Na mama hakusaidia. Kila siku ya soko alimwita Andrea aje na sanduku. Alikaa mbele ya pembe amejitanda kaniki yake, akiitikia kila sentensi kama mtu anayezungumza na mgeni wake. "Ehe, kaka. Ndiyo, kaka." Neno lile alilomnyima mwanawe alilimwaga pale kwenye bati. Mimi nilimchukia kidogo siku hizo, sitaficha. Nilimchukia na nilisogea karibu nami nisikie.

Nilimwendea Andrea nikamwambia alivunje bomba lile au nitalivunja juu ya kichwa chake. Akaniambia hakuna haja. Nta ni laini, alisema, kila sindano inapopita inakwangua kidogo, na sauti imekwisha anza kufifia. Mama yangu alikuwa anamla kaka yake kidogo kidogo bila kujua. Andrea mwenyewe akaenda akamweleza. Mama aliinuka, akachukua bomba, akalizika ndani ya chungu cha mtama, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kulisikia. Kaka yangu hakupata nafuu. Alijua limo ndani ya nyumba.

Ndipo ikaja habari ya mawe. Boma limeamua kwamba msitu wote wa juu ni wa serikali, na Bwana mmoja wa misitu atapanda kuweka mawe ya mpaka. Ndani ya msitu ule kuna makaburi yetu, na ukipanda juu zaidi ya makaburi kuna nyumba za watu waliopewa mashamba na Lubago. Mawe yakipita upande wa chini wa makaburi, watu wale watahamishwa, na sisi tutaomba ruhusa ya askari ili kuwapelekea wafu wetu pombe na unga. Bwana huyo alikubali kitu kimoja: mwenye mji asimame aseme ardhi hii ilikuwaje yake. Asiposema mtu, jiwe litawekwa pale litakapomfaa yeye.

Wazee walikuja kwa mama usiku haujaingia, wakiwa wamejaa aibu. Walisema mwenye jina hawezi kusema. Lakini sanduku linaweza, na Mzungu huamini kitu cha Mzungu. Walimwomba bomba. Mama akawauliza kama wanajua kwamba huenda ikawa mara ya mwisho. Wakasema wanajua.

Bwana alifika asubuhi na askari wake, akakalia kiti chake cha kukunja kwenye uwanja wetu, mawe yamepangwa pembeni yamekwisha pakwa chokaa. Kaka yangu alisimama mbele kama inavyopasa. Andrea akazungusha. Ilitubidi tuzuie pumzi tusikie. "Mimi Lubago," ikasema sauti, imekuwa ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mfereji ukaja nusu, njaa ikaja maneno mawili matatu. Andrea alitafsiri alichoweza. Kisha kikohozi, na kile ambacho nta haikukisahau.

"Kaa chini, Pazi. Bado sijamaliza."

Akakaa. Mbele ya Mjerumani, mbele ya askari, mbele ya watu waliokuwa wanangoja kupoteza nyumba zao, kaka yangu alikaa chini. Sindano ikaendelea kukwaruza. Bwana aliuliza kama ni hayo tu. Andrea akamtazama kaka yangu. Bwana akainuka, akawaonyesha askari mawe.

Mama alipita katikati ya wanaume wote hao, akalichomoa bomba kutoka kwenye sanduku. Nilidhani anataka kuliokoa. Alilishika kwa mikono miwili kifuani, akaliminya mpaka likavunjika, akafunga vipande kwenye pindo la kaniki. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. Alienda akasimama mbele ya mwanawe aliyekaa mavumbini, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Simama. Watu wanakungoja."

Sijui niseme nini kuhusu aliyesimama pale. Alikuwa na ndevu za kaka yangu. Alisimama polepole, akiegemea goti moja kama mtu mwenye mgongo wa kizee, akaitikia marahaba, akamgeukia Bwana. "Mimi Lubago," alisema. "Mlima huu niliupanda na jogoo mmoja na mbegu za mtama." Akasimulia mfereji wote, nani alikatwa na jembe, nani alikataa kuchimba. Akasimulia njaa. Akasimulia alivyofungiwa bomani kwa ajili ya wajane, na Andrea alisita kidogo kulitafsiri hilo, kisha akalitafsiri. Bwana alikuwa amekaa tena kitini. Mama alikuwa bado amepiga goti, akiitikia, "Ehe, kaka. Ndiyo, kaka."

Halafu yule aliyesimama akakohoa.

Nilijua mahali tulipofika. Akanyamaza, akatazama juu ya vichwa vyetu, nyuma kabisa ya watu, karibu na mlango, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alitazama kwa mapenzi na kwa kukereka kidogo.

"Kaa chini, Pazi," alisema. "Bado sijamaliza."

Akangoja, kama mtu anayengoja mwingine akae. Kisha akaendelea, akaingia katika maneno ambayo bomba letu halikuwahi kuwa nayo. Alitaja makaburi moja moja kwa majina, na mti ulio juu ya kila kaburi, na nyumba zilizo juu zaidi mlimani na nani alimpa nani lile shamba. Pazi alisikia hayo mara moja tu, siku ile lilipojazwa bomba zuri, akiwa amenuna kwa kukemewa. Mama alitikisa kichwa kukubali kila jina.

Bwana aliyaweka mawe juu mlimani, kupita nyumba za mwisho. Msitu wa juu kabisa ulikwenda, na hadi leo una askari wake. Makaburi na watu walibaki. Siku hiyo watu walipiga vigelegele hadi Bigwa chini wakasikia, na Rehani alidai kuku wa pili, akapewa.

Mimi sikupiga kigelegele. Nilizunguka nyuma ya nyumba, pale kwenye kuni, ambako Pazi alizoea kujificha baada ya baraza ili aniigizie wazee walivyosinzia. Nilingoja. Alikuja kweli, akitembea polepole, kikuku kimemkaa mkononi kana kwamba alizaliwa nacho. Nilimtazama usoni, nikatafuta hata chembe ya kicheko. Alinitazama kama mjomba alivyonitazama tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, Chausiku. Mbona unalia? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna, ni moshi wa kuni tu.