Kidole Gumba cha Bahubali

Caren alikuwa ameilea nyongo yake tangu mwaka jana, na asubuhi ile ya sherehe aliamka akiimba.

Bosi wake, Ramnik, alikuwa Mhindi wa Thika aliyetajirikia Dubai kwa almasi. Dini yake ilikuwa ya Kijaini, dini isiyoua hata sisimizi, lakini ulimi wake, ah, huo uliua watu wazima! Tangu utotoni alisikia jinsi wafalme wa kale walivyochongesha watakatifu wakubwa kama minara na kuandikisha majina yao chini ya miguu ya sanamu. Naye akaona kinachomfanya mtu mfalme ni mfuko tu. Akaagiza India sanamu ya Bahubali, mtakatifu wa Kijaini, ya marumaru nyeupe, ndefu kuliko lango, isimame uani kwake. Jina lake likachongwa kwenye kitako kwa herufi kubwa.

Mlinzi wa lango alikuwa Hesbon, mdogo wake Caren wa tumbo moja. Siku sanamu ilipoletwa, vibarua wa kreni walitaka kufunga mikanda upya. Ramnik akawafokea, "Yalla, yalla! Wageni wako njiani!" Mkanda ukateleza, kidole gumba cha mkono wa kulia kikavunjika. Kwa Wajaini, sanamu iliyovunjika haiabudiwi. Vibarua wakalipwa wakaenda zao, na Ramnik akamwamuru Hesbon akibandike kwa gundi, afunge mdomo.

Wiki haikuisha, Ramnik, akiogopa siri itatoka, akatangaza kwamba Hesbon ameiba pete ya mama yake bosi. Kijana akarudishwa Kenya na jina la mwizi. Mchumba akamkimbia, na kanisani kwao kina mama wakawa wanakumbatia mikoba yao akipita.

Caren, ambaye Hesbon alimweleza yote kabla ya kuondoka, angeweza kufungasha virago siku ileile. Hakufungasha. Kazi yake ilikuwa kumtunza mama yake Ramnik, kikongwe ambaye kila mtu alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na alibaki kwa sababu moja: kisasi.

Ba alimpenda. Jioni alimsimulia kwa Kiswahili chake cha Thika jinsi Bahubali alivyopigania ufalme na kaka yake, akainua ngumi ammalize, ghafla akaona aibu, akaushusha mkono. Akaacha ufalme, akasimama kimya mpaka mimea ikamtambaa miguuni.

"Ona mkono yake," Ba alisema. "Iko chini."

Caren aliutazama mkono, akaona kidole gumba tu.

Sherehe yenyewe ni kumwogesha mtakatifu kuanzia kichwani. Ramnik aliamuru maziwa na maji, basi. Lakini Caren alikuwa ameona jikoni humo manjano yanavyoufanya ufa wa sahani nyeupe: yakishaingia, sabuni haiyatoi. Usiku wa kuamkia sherehe, akimkanda Ba miguu, aliuliza kwa sauti tamu, "Ba, kwani kesho hakuna manjano? Si uliniambia kwenu hayakosi?"

Ba akakaa wima. "Bila manjano? Nani sema?"

Asubuhi Ba akayadai manjano mbele ya wageni wote, na Ramnik hakuthubutu kumkatalia mama yake. Alisimama juu ya jukwaa amejifunga shuka jipya jeupe, akamimina maziwa, kisha manjano mazito aliyoyatwanga Caren mwenyewe. Waliposuuza kwa maji, mwili wote ukarudi mweupe. Kwenye shina la kidole gumba tu ndipo ulipobaki mstari wa njano, mzunguko mzima, kama pete.

Mkono ule ulining'inia usawa wa macho ya Ba. Akaupapasa.

"Ramnik. Nani vunja hii?"

Ramnik akalitoa la kwanza lililomjia mdomoni. "Yule askari, Ba. Hesbon. Ndiyo maana nilimfukuza."

"Wewe sema yeye iba pete."

Caren akajitokeza. "Ulivunja wewe kwa haraka zako, sir. Hesbon alibandika kwa amri yako, ukamlipa kwa kumwita mwizi."

Ramnik akashuka jukwaani, akainua mkono amzabe kofi. Caren hakurudi nyuma hata kidogo. Kusema kweli alitamani apigwe, watu waone vizuri.

"Shusha mkono," Ba alisema.

Akaushusha. Caren tayari alikuwa amempigia Hesbon kwa video, akamsogezea Ramnik simu usoni. "Mwambie."

"Pete yangu iko wapi?" Ba akauliza.

"Kwenye sefu yangu," Ramnik akanong'ona.

"Kwa sauti, sir. Kenya ni mbali."

Akasema kwa sauti. Hesbon akalia kama mtoto, na Caren akaisikia raha tamu ikimshuka kifuani, wala hakuionea haya.

Kuhani akaifunika sanamu kwa shuka, na wageni wakaondoka bila kugusa chakula. Shuka halikufika chini. Jina la Ramnik lilibaki wazi, kila anayetoka akalisoma.

Ba akamshika Caren mkono. "Sasa samehe, mtoto yangu. Kama yeye," akaelekeza kidevu kwenye sanamu.

"Yeye ni jiwe, Ba," Caren alisema. "Mimi si jiwe."

Akaubusu mkono wa kikongwe yule, akaenda kufungasha virago.