Mpaka Auone Mnara

Hakuna aliyemtarajia mzee yule. Alisukuma mlango wa ghala alfajiri, mahujaji wakiwa bado wanapangusa nyasi kavu nyweleni na kukunja mifuko yao ya kulalia, akauliza kama hili ndilo kundi linalotembea kwenda kuhiji Częstochowa, kwenye kanisa la Bikira Maria.

"Ndilo, babu," akajibu Jagoda, aliyekuwa ameketi chini akitoboa lengelenge la kisiginoni.

"Huku njiani hakuna babu!" wenzake wakamzomea huku wakicheka. "Sema kaka!"

Ndiyo desturi ya hija hiyo. Uwe profesa, uwe muuza nyama, ukishaingia mstarini wewe ni kaka au dada wa kila mtu. Basi mzee asiye na meno ya mbele akawa Kaka Bogumił. Alitoka kijiji cha jirani. Mkewe, Halina, alikuwa akitembea njia hii kila Agosti, na kila Agosti yeye alibaki nyumbani na ng'ombe. Majira ya baridi Halina akafariki.

"Nimekuja kwa siku ya mwisho tu, miguu haitaki zaidi," alisema. "Dada, usiniache nyuma mpaka niuone mnara."

"Sitakuacha, kaka," alijibu Jagoda bila kufikiri. Mnara wa kanisa huonekana kutoka kilimani, kabla ya kushuka mjini. Aliona ni ahadi ya nusu siku.

Nusu siku hiyo ilimtoa jasho. Jioni iliyotangulia, kundi lilikuwa limemchagua kubeba bendera wakati wa kuingia mjini. Bibi yake aliwahi kuibeba alipokuwa msichana, na leo angeketi kando ya barabara kuu, juu ya kiti chake cha kukunja, kumwona mjukuu akipita nayo mbele. Tangu utotoni Jagoda hakuomba zawadi kubwa kuliko hiyo.

Siku nyingine zote aliupenda mwendo wa safari: kuamka, kufunga miguu, wimbo, rozari, supu ya wanakijiji, wimbo tena, kuosha miguu katika beseni, kulala. Leo mwendo wenyewe uliharibika. Bogumił alisimama kumwaga kokoto kiatuni, akavaa, akasimama tena. Kila penye lango palipokuwa na mama na jagi la kompoti, maji matamu ya matunda yaliyochemshwa, alikunywa.

"Kaka, umekunywa sasa hivi tu!"

"Mwenye nyumba amepika, nitamkataaje?"

"Basi panda gari linalotufuata nyuma, upumzike kidogo."

"Kama ni gari, ningelipanda kule nyumbani."

Mbele, sauti ya kipaza sauti ilizidi kufifia, na Jagoda alilazimika kumkokota mzee kama mbuzi wa sokoni.

Walipofika kilimani kundi lilikuwa limepumzika. Hapo, kabla ya kuingia mjini, mahujaji huombana radhi kwa yote waliyokoseana njiani. Watu walikumbatiana, wengine wakilia.

"Nisamehe, kaka, kwa kukoroma."

"Mimi nimekusamehe. Ghala ndilo halijakusamehe."

Jagoda hakumwomba mtu radhi. Alikwenda moja kwa moja kwa Kornel, mbeba kipaza sauti, akachukua bendera aliyokuwa amemshikia, akarudi mbio kwa mzee.

"Haya, kaka, mnara ule pale!"

Bogumił akakunja uso. "Wapi?"

"Pale, juu ya miti."

"Naona weupe tu. Daktari anasema nina mtoto wa jicho."

"Mbona hukusema?"

"Ungenikubali? Ukisema upo, basi upo, dada. Nenda, wanakusubiri." Alisema hivyo akiwa ameelekeza uso kwenye mabomba ya moshi ya kiwanda, upande mwingine kabisa.

"Dada Jagoda, tunaondoka!" Kornel akaita. Kila kundi lilipewa saa yake ya kuingia, na padri aliyewaongoza asingeweza kungoja. "Kaka atakuja na gari!"

Ingekuwa rahisi. Mzee mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. Jagoda alisimama na bendera mkononi, kisha akamrudishia Kornel.

"Una wazimu? Na bibi yako?"

"Iinue juu tu. Nenda!"

Wakashuka wawili, polepole. Jagoda aliwakasirikia mzee, kilima, na ulimi wake mwenyewe. Bogumił alipofungua kinywa, akamkatiza: "Kaka, usinisemeshe kwanza." Mzee akatii, na utii wake nao ukamuudhi. Nyimbo za kundi lao zilipotea kabisa. Makundi ya miji mingine yaliwapita, bendera zikipepea, mashada ya maua yakirushwa.

Mwanzoni mwa barabara kuu mzee akasimama ghafla katikati ya njia. Jagoda akamshika kiwiko asije akakanyagwa.

"Nini tena?"

"Ule." Akanyoosha kidole, safari hii mahali penyewe. "Halina alisema unaishinda misonobari yetu kwa urefu. Nilimbishia miaka yote."

Jagoda akatupa macho kando ya barabara. Wazee wengi walishakunja viti vyao na kuondoka. Bibi yake hakuwapo. Nyuma yao kundi jingine lilikuwa likikaribia, likiimba.

"Tutawazibia njia," akasema Bogumił. "Twende, nimeshauona."

Jagoda akamvuta pembeni, akamgeuza mabega taratibu mpaka akaelekea vizuri.

"Tazama, kaka," akasema. "Usiharakishe."